Mulango ya Chumba ya Phonie

Beni, tarehe 4 Machi 2001

Shangazi Kahongya,

Salamu zangu zivuke barrière zote za njiani bila basoda na bunduki zabo kuziomba kitu, zikufikie weye na Paulin mukiwa bazima. Mimi nilifika. Camion ya Bilali ilikwama mu matope, tulisukuma mpaka mikono ikachoka, mais tulifika, na muke yake Hadjara alinipokea kama mutoto wa nyumba. Alinipa chumba nyuma ya jiko. Nilishuka na ile gilet nzito ya sufu yenye ulinifumia. Hadjara aliniangalia, akacheka mpaka akakaa chini. Shangazi, huku kuko joto! Nyinyi ba Butembo munaishi mu frigo. Na goti yako, inaendelea namna gani?

Kazi niliipata vile ulipanga na bamama ba kanisa, aksanti sana. Patron Muyisa iko na depo kubwa ya kahawa na ya samaki ya chumvi yenye inatoka Kyavinyonge. Mimi niko mu chumba ya nyuma na phonie, ile radio ya kusema na batu ba mbali, juu telefone haiko. Ninaita Butembo, Kanyabayonga, Kyavinyonge, Luofu: samaki ni bei gani, camion imetoka ao bado, nani alikufa, nani alizaa. Ukifinya bouton unasema, na stations zote zinakusikia. Ukimaliza unasema "à vous", unaiachilia, ndio unasikia bengine. Siri haiko mu phonie. Mutu akikohoa Kyavinyonge, tunamwambia pole toka Beni.

Ananie wa phonie ya Butembo alinifundisha ujanja moja. Mu kona ya chumba kuko waya yenye inaingia mu udongo, juu chini hakuna simenti. Udongo ikikauka, sauti inakufa. Donc kila asubuhi ninamwanga maji pale. Ile kona inakunywa, Shangazi, sijaona udongo ya kiu vile. Juzi Patron alinikuta na bidon ya maji ku mukono. Uso yake ilibadilika. "Nani alikuambia kumwanga maji pale? Hapana kurudilia." Mais bila maji siwezi kupata Kanyabayonga, donc ninamwanga mbele hajafika.

Mbele mimi nifike, kwa hii kazi alikuwaka musichana wa Luofu, jina yake Agar. Banasema alienda Uganda, akaolewa kule. Biatu byake biko chini ya meza mpaka leo. Weye unajuaka batu ba Luofu. Ulimusikiaka?

Na kitu ingine, hapana kunicheka. Nyuma ya mazungumuzo ya saa tisa, wakati stations zote zilishasema kwaheri, kuko sauti ya mwanamuke inaingia. Iko chini chini, kama mutu anasema na kitambaa ku kinywa. Inasema: "Fungua mulango, dada." Paka ile tu, hakuna ingine. Niliuliza Kyavinyonge, niliuliza Luofu, hakuna mwenye alisikia. Na mulango yangu ilikuwa wazi.

Mutoto wako,
Kyakimwa

Butembo, tarehe 27 Machi 2001

Kyakimwa wangu,

Barua yako Bilali aliileta yeye mwenyewe, samaki mbili juu yake. Karatasi inanuka chumvi mpaka sasa, Paulin anataka kuipika. Wasingya, aksanti! Sisi tuko. Goti ilivimba, ninatembea kama bata, mais ulimi haikuvimba, donc usifurahi. Mvua iliozesha maharagi mu shamba. Paulin anasoma, anakula, anasoma kidogo, anakula tena. Ku soko basoda banachukua nyanya bila kulipa na sisi tunabaambia aksanti. Utafanya nini?

Sasa fungua masikio. Kazi yenye iko na kiti, mu wakati ya vita, ni zawadi ya Mungu Nyamuhanga. Hapa basichana benye balisoma kukupita banabeba mihogo ku mugongo. Patron akikutania, cheka kidogo, urudie kazi. Akikupa kitu, peleka kwa Hadjara mbele ya macho ya batu. Mwanaume wa pesa ni kama mbwa ya kulinda parsele, ukikimbia, anakufuata. Tulia tu.

Ile sauti ni njaa. Unakula saa ngapi? Mu phonie bitu byote binaingiana. Ananie alinihadisia kama siku moja alisikia mutu anauzisha ngombe kwa luga yenye hajui, asubuhi muzima, na ngombe analia. Kula muzuri, utaacha kusikia.

Juu ya Agar: unajua kama barua zinafunguliwaka ku barrière. Ninakuomba, jina yake isirudie ku karatasi. Na biatu byake ubiache fasi biko.

Shangazi yako wa kukupenda na kukugombeza,
Kahongya

Beni, tarehe 22 Aprili 2001

Shangazi,

Yesu asifiwe. Pasaka ilikuwa muzuri, Hadjara na Bilali ni Waislamu mais balinichinjia kuku, eti mukristo hawezi kula sombe, majani ya mihogo, siku ya Bwana wake. Bilali anasema barabara ya kwenu ilifungwa juu ya masasi, basoda banapigana, sijui barua hii itapita siku gani. Mwambie Paulin asahau mpira mbele ya examen. Goti uikande na maji ya moto na chumvi.

Umeniambia nicheke kidogo. Nilicheka. Sasa Patron anakuja kila siku wakati bafanyakazi banaenda kukula. Anasema kelele ya depo inasumbua phonie, donc anafunga mulango. Mbele alikuwa anaisukuma tu. Sasa anazungusha ufunguo na kuiweka mu mufuko. Alinipa kikwembe mupya ya kujifunga, niliipeleka kwa Hadjara vile ulisema. Hadjara aliigusa na kidole moja, akauliza: "Na yeye anataka umupe nini?" 

Ku depo bananiita Madame Phonie. Mathe, mwenye kulinda stock, ni mutu wa Mungu, anaimbaka mu chorale ya kanisa. Patron akifunga mulango, Mathe anapandisha radio yake ya musique mpaka juu. Jana nilimuuliza: "Yaya Mathe, juu ya nini unapandisha?" Alianza kupanga masaki ya kahawa yenye yalikuwa yamepangwa.

Ile sauti haiko njaa, Shangazi. Ninakula. Ilikuwa inakuja saa tisa. Sasa inakuja saa sita ya muchana, wakati hakuna station yenye inasema. "Fungua mulango, dada." Na kila mara, nyuma kidogo, ninasikia biatu bya Patron binakuja mu couloir. Nilielewa. Sasa ikisema tu, ninabeba bidon na kutoka kutafuta maji. Anakuta kiti tupu. Mara nyingi nilimuponyoka vile.

Siku moja, ya juma ine, haikusema kitu. Juu ya ile siku sitaandika.

Ninaomba nirudi Butembo. Carte yangu ya kitambulisho iko mu tiroir ya meza ya Patron, anasema ni ya kulinda, batu banaziibaka. Bila carte basoda hawaniachi kupita. Shangazi, unijibu mbio.

Kyakimwa

Butembo, tarehe 29 Aprili 2001

Kyakimwa mutoto muzuri,

Tangu Machi hujaandika. Barabara imefungwa, najua, mais ninaandika tu, Bilali akipata njia ataileta. Pasaka ilipita. Padiri alihubiri mpaka batoto balilala. Goti ni ileile.

Ninataka kukupa furaha: Paulin alipita wa pili mu darasa! Alisema akikuwa mukubwa atakuja Beni kufanya kazi kwa Patron Muyisa kama weye. Bamama ba kanisa bananisalimia sasa na mikono mbili, juu ya mutoto wangu iko na kazi ya kiti. Umupe Patron salamu na aksanti yangu. Mwambie nitamutumia maharagi mupya ikiiva.

Unaona? Mwenye kuvumilia anakula zenye ziliiva.

Shangazi yako Kahongya

Beni, tarehe 20 Mayi 2001

Shangazi Kahongya,

Ninakusalimia. Paulin, nimemufurahia. Barua yangu ya Aprili ilipotea njiani ao iko kwako, sijui. Yako niliifungua siku mubaya. "Mwenye kuvumilia anakula zenye ziliiva." Nilizikula, Shangazi. Ni chungu. Na aksanti yako sikumupa.

Basoda ba barrière basome kama banataka, sasa nitaandika yote.

Ilikuwa saa sita. Sauti haikuniambia kitu, donc nilikuwa ku kiti. Patron aliingia, akafunga, akaweka ufunguo mu mufuko. Musique ya Mathe ikapanda. Alinishika shingo na mukono moja kama munashikaka kuku, na ingine akaanza kutafuta fundo ya kikwembe yangu. Nguvu sina. Mais mukono yangu ya kuume ilikuwa karibu na bouton. Niliifinya na sikuiachilia. Nilipiga kelele: "Hapa Beni! Ni mimi Kyakimwa! Patron Muyisa alifunga mulango, ananishika! Stations zote, munisaidie!" Alinipiga. Niliendelea. Kisha nikaachilia bouton, nisikie nani atajibu.

Hakuna. Ninakuapia, balikuwa pale bote. Mwenye anafanya hii kazi anajua kama mutu iko ngambo ingine, unasikia nafasi yake. Kanyabayonga alikuwa pale. Kyavinyonge alikuwa pale. Ananie wako wa Butembo mwenye anaimbaka mashairi ya harusi ku phonie, alikuwa pale. Balinyamaza. Kila mutu, patron yake anafanya biashara na Muyisa.

Kisha mu ile kimya sauti ikakuja, karibu, hata si kutoka ku haut-parleur ya phonie, mimi niliisikia toka chini, upande wa kona: "Fungua mulango, dada."

Na Patron alisikia. Hii ndio ninataka uelewe, kama iko njaa yangu, mbona yeye alisikia? Mikono yake ilianguka. Aliangalia udongo ya kona yenye ilikuwa na maji ya asubuhi. Alisema "Agar", polepole, kama mutu anaitika. Kisha: "Na yeye alifinyaka bouton." Alirudi nyuma, akagonga meza, ufunguo ikaanguka toka mu mufuko, nikaiokota, nikafungua, nikatoka.

Kesho yake ku phonie banasema paka samaki tu. Ananie aliniuliza kama mvua ilinyesha. Nilimwambia: "Haikunyesha." Ile ndiyo yote.

Sasa Patron anaambia batu ba depo eti niko na wazimu, eti ninaongea na udongo. Aliweka soda moja na bunduki ku mulango mukubwa, na carte yangu iko kwake bado, donc ninarudia kazi. Asubuhi Hadjara ananileta mpaka pale, mangaribi anakuja kunichukua, na saa sita analeta chakula na anakaa ndani ya chumba mpaka Patron anachoka kuzunguka. Atachoka siku ngapi? Hadjara iko na batoto. Ninaogopa, Shangazi. Ninaogopa Patron, na ninaogopa kona. Agar alienda wapi?

Kyakimwa

Butembo, tarehe 17 Juni 2001

Mutoto wangu, mutoto wa kaka yangu,

Barua zako mbili zilifika siku moja. Nilisoma ile ya mbele, kisha ile ya nyuma, kisha nilikaa chini mu jiko na Paulin alipika yeye mwenyewe. Nilikuambia ucheke. Ulimi yangu ioze. Sina neno ingine juu ya ile, na ukinionea huruma nitakasirika.

Ananie alikuja hapa mbele ya barua kufika, kofia ku mukono, macho chini. Alisema: "Mama, tulisikia. Bote tulisikia." Nilimupiga na mwiko. Kisha nilimupa kiti, juu ya kumupiga tu hakusaidii. Akaniambia na ya Agar. Mwaka jana balisikia vile vile, saa sita, musichana anapiga kelele, kisha kimya. Kesho yake Muyisa mwenyewe alisema ku phonie eti Agar ameolewa Uganda, na bote balijibu: "Mungu abariki ndoa." Mimi nilikuwa nimesikia uvumi ku soko, na nilikuandikia unyamaze. Basi.

Nilituma mutu Luofu kwa mama wa Agar. Alijibu neno moja: "Nani anaendaka Uganda bila biatu?" Yule mama hakuliaka kilio ya mutoto wake, juu balimuambia iko muzima. Na weye unajua vile bakubwa banasemaka kwetu: mutu mwenye hakuliliwa hana fasi ya kulala, anabaki ku mulango ya batu.

Donc tunakuja kulia. Mimi hapana, goti inakataa hata choo, na ile inaniuma kuliko goti. Mais mama wa Agar anakuja, na bamama ba Luofu, ba Kanyabayonga, ba Kyavinyonge benye bana babo banafanya kazi ku phonie. Ananie aliita stations zote, moja moja, na safari hii alisema wazi yenye ilifanyika. Bilali anatoa camion. Batakaa mu parsele, ile kiwanja ya depo. Kilio haifukuzwi, hata na bunduki.

Nimebaambia kitu moja na weye uijue: hapana kuwasha moto. Kuni ya kwanza ya kilio inatokaka mu nyumba yenye ilipoteza mutu. Jirani anangojea ile, kisha naye analeta ya kwake. Benyewe batakaa bila moto, mu mvua ao mu jua, mpaka tuone ni nani ataleta kuni.

Usiogope kona. Mwenye iko pale alikuonya kila siku, na sisi bazima tulinyamaza.

Kahongya

Beni, tarehe 15 Julai 2001

Shangazi wangu,

Goti yako ipate pole. Kama ungekuwa hapa ungekaa mbele, na basoda bangekuogopa. Ninakuandikia kila kitu juu bamama bananiambia: "Andikia Kahongya mbele hatujafika kwake, asitukasirikie."

Balifika juu ya masaki mu camion ya Bilali, vitambaa ku kichwa, bila kelele. Mama wa Agar ni mwanamuke mufupi, mukavu. Alipita mbele ya soda wa mulango kama anapita mbele ya mbuzi. Soda alimuuliza: "Munaenda wapi?" Akajibu: "Ku kilio ya mutoto wangu." Yule soda, Shangazi, alitoa béret ku kichwa. Na yeye iko na mama.

Balikaa chini mu parsele, katikati, fasi camion zinageukaka. Balianza kulia polepole, ile kulia ya kwetu yenye haina haraka. Nilitoka na biatu bya Agar, nikabiweka ku magoti ya mama yake. Alibiangalia, akabifunga mu kikwembe, akaendelea.

Patron alicheka. Alisema ku bafanyakazi: "Agar iko Uganda, bamama balivuta bangi." Hakuna mwenye alicheka naye. Camion ya Kyavinyonge ikafika na samaki. Chauffeur alishuka, akaona kilio, akazima moteur. "Patron, samaki haipimwi mbele ya maiti." "Maiti gani?" "Hao banalia nani?" Camion ya pili ikakuja, ikazima. Jua ikachoma samaki. Harufu ikajaa Beni muzima, na batu bakaanza kusimama ku clôture, ku uzio ya depo, banaangalia. Mvua ikanyesha, bamama bakakaa mu mvua. Balikuwa banatetemeka. Jirani moja alikuja na makala ya moto, mama wa Agar akamwambia: "Wasingya, ngojea bado."

Mutoto wa Nande, kabila yetu, mwenye hajui kuni ya kilio! Pesa ilimusahaulisha, ao labda hakukaaka na bazee bake ku moto. Siku yenye ilifuata, nyuma ya misa, Patron alitoka na suti. Parsele ilijaa batu, na alitaka baone vile iko mutu mwema. Mathe alikuwa nyuma yake na furushi kubwa ya kuni ku bega. Patron akasema kwa sauti ya kanisa: "Bamama, mimi ni mukristo. Munaumia baridi. Kamateni kuni, muote moto, mulie kidogo, murudie kwenu na amani." Akamuonyesha Mathe: weka pale.

Mathe aliweka. Maji ilikuwa inadondoka ku mabati.

Mama wa Agar alisimama. Alikamata kuni moja, akaipandisha juu, bote baone. "Mumeona? Nyumba yenye ilipoteza mutoto wangu imeleta kuni." Na bamama bote: "Imeleta." Na batu ba clôture, bila mutu kubaambia: "Imeleta!"

Patron aliangalia ile kuni. Sijui kama alielewa pale pale. Mwenye alielewa ni Mathe. Alikaa mu matope, akaanza kulia kama mutoto. Alisema: "Iko mu kona. Iko fasi ya waya. Alimusukuma juu ya batterie ya phonie, kichwa ikapasuka, na mimi niliambiwa kuchimba. Mimi nilipandisha musique."

Patron alikimbilia gari. Ilitoka na kipande ya clôture ku pare-chocs ya mbele. Banasema alivuka Kasindi, mupaka ya Uganda. Tribunal yenye inaweza kumuhukumu haiko, unajua vita. Mais hakuna camion yenye inabeba kitu yake tena.

Bachauffeur balichimba. Mimi nilikuwa nimesimama ku mulango. Alikuwa pale, Shangazi, chini kidogo tu, na waya ilipita karibu na mukono yake. Bila biatu.

Kila asubuhi nilikuwa ninamumwangia maji. Niliangalia bidon yangu, nikaitupa. Nilimwambia mama yake: "Mama, unisamehe, sikujua, kila asubuhi nilimusumbua na maji." Alinishika uso na mikono yake yenye ilikuwa na udongo. Akasema: "Ulimunywesha. Hakuna mwingine mwenye alimunywesha."

Tulimuzika Luofu. Niliwasha moto ya kilio mimi mwenyewe, na ile kuni.

Kyakimwa

Butembo, tarehe 12 Augusti 2001

Kyakimwa,

Bamama balipita hapa, balinihadisia mpaka sauti zao ziliisha, na barua niliisoma tena. Nilifurahi na nililia na nilipika mingi. Paulin hataki tena kusikia Beni.

Sasa unakawia nini? Carte yako ulishaipata mu tiroir, barabara imefunguka, kitanda yako iko, gilet yako iko kwako. Rudi. Mimi ni muzee, ninataka kukugombeza kwa kinywa, karatasi inanichokesha.

Kahongya

Beni, tarehe 9 Septemba 2001

Shangazi Kahongya,

Salamu kwa goti, kwa Paulin, kwa sufuria zako. Hadjara anasema gilet yangu aliipatia kazi: inafunika batterie.

Sikurudi, na sasa nitakuambia juu ya nini. Bachauffeur balihamisha phonie kwa Hadjara, mu chumba ya mbele, inaangalia soko. Mulango Bilali aliitoa kabisa, akaifanya meza. Ninafanyia kazi juu yake. Waya tuliitia mu udongo mupya. Ninamwanga maji pale kila asubuhi na ninasali kidogo. Sauti ya Agar haikurudia tangu tulimuzika. Nyuma ya mazungumuzo ya saa tisa ninangojeaka bado, mais kuko paka upepo tu.

Nilikuwa nimepanga kurudi siku ya juma ine yenye ilipita. Nguo zilikuwa mu mufuko, Bilali alikuwa anapasha moteur. Saa sita phonie ilikuwa bado inawaka. Station moja ikafinya bouton na haikusema kitu. Unajua ile? Mutu anafinya, na kunyamaza. Nilisikia nafasi ya chumba. Nilisikia ufunguo inazunguka, na sauti ya mwanaume inacheka karibu. Kisha ikaachilia.

Ilikuwa Kanyabayonga, ninajua mulio ya station yake. Kuko musichana mupya pale, Bénie, hana hata mwezi ku kazi.  Nilijua ile kimya yenye itafuata, nilishaisikia. Nilirudi ku meza, nikafinya bouton mbele ya kufikiri. Nilisema: "Fungua mulango, dada." Ni nyuma ya kuachilia ndio nilijua ni maneno ya nani yalitoka mu kinywa yangu.

Kisha Kyavinyonge, sauti ya mwanamuke: "Kyavinyonge inasikia." Kisha Luofu: "Luofu inasikia. Fungua mulango." Kisha Ananie, Shangazi, mwiko yako ilifanya kazi: "Butembo inasikia. Bwana mwenye iko mu hiyo chumba, tunajua jina yako, na jina ya mama yako. Fungua."

Tukangojea. Bilali alizima moteur, akaingia na kusimama nyuma yangu. Hadjara akaacha kukaanga. Hakuna mwenye alisema kitu, ku stations zote, mais haikuwa ile kimya ya zamani.

Ilichukua wakati. Kisha phonie ikalia, na nilisikia ku nyuma kelele ya soko ya Kanyabayonga, bamama banauzisha viazi, mutoto anaitwa, na Bénie akasema:

"Beni, Beni, hapa Kanyabayonga. Mulango iko wazi. À vous."

Nilitoa nguo mu mufuko. Ukuje weye, Shangazi, goti ikipona. Huku kuko joto.

Mutoto wako,
Kyakimwa